Mashine Nyingi, Laini Moja: Kupima Mzigo wa Mifumo Butembo na Beni

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura ya urais, intaneti ilikatwa Kongo nzima. Ilirudi baada ya takribani siku 20. Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, hazikuwa hata zimepiga kura hiyo: siku chache kabla, tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imesogeza uchaguzi wa huko hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Mlipuko wenyewe ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni. Hadi unatangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki.

Ndani ya habari hiyo ya siasa na maradhi kuna funzo la kiufundi ambalo halizungumzwi sana. Simu na vishikwambi vya kukusanyia takwimu haviachi kazi laini ikikatika. Fomu zinajazwa, zinahifadhiwa ndani, zinasubiri. Laini ikirudi, kila kifaa kinataka kutuma chake papo hapo. Seva iliyozoea kupokea fomu kumi kwa dakika inakuta mlangoni foleni ya siku nyingi. Ikiwa aliyeijenga hakuwahi kuijaribu katika hali hiyo, siku mtandao unaporudi ndiyo siku mfumo wake unapoanguka.

Upimaji wa mzigo upo kwa ajili ya kuizuia siku hiyo. Unaandika programu inayojifanya watumiaji mia, elfu au zaidi, unaielekeza kwenye seva yako, kisha unaangalia inachoka wapi. Programu hizo ni za bure, na nyingi zinaweza kuunganisha kompyuta kadhaa ili zitume mzigo kwa pamoja. Vijana wengi wa fani hii wakisikia hivyo hukimbilia kuhesabu kompyuta za maabara. Lakini mfumo una maswali matatu ya kujibiwa: seva ina nguvu kiasi gani, laini inabeba kiasi gani, na umati ukija kwa mkupuo inakuwaje. Mashine nyingi zinajibu swali la kwanza tu. Kwa Butembo na Beni, mawili yaliyobaki ndiyo yanayouma.

Hesabu kabla ya mashine

Tuchukue mfano wa kubuni: chuo cha Butembo chenye wanafunzi 6,000, kinachotoa matokeo ya mtihani kwenye tovuti yake. Habari zinasambaa kwa WhatsApp, na ndani ya nusu saa wanafunzi 4,000 wanaingia. Nusu saa ni sekunde 1,800, kwa hiyo wanafika wastani wa wanafunzi 2.2 kwa sekunde. Kila mmoja anafungua kurasa tatu: ya kuingia, ya kuchagua mwaka, ya matokeo. Hizo ni kurasa zipatazo 6.7 kwa sekunde.

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu hizi: idadi ya waliomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi wanayoingia nayo mara muda wanaokaa. Mwanafunzi akikaa dakika moja na nusu kwenye tovuti, 2.2 mara 90 ni kama 200. Basi katika mfano wetu, siku ya purukushani kubwa kabisa, tovuti ina watu 200 kwa wakati mmoja. Kompyuta mpakato moja ya kawaida inaweza kuiga watu 200 wanaosoma na kubofya kwa mwendo wa binadamu bila kutoka jasho.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea njia. Wanaweka watumiaji bandia 5,000, kwa sababu wanafunzi ni 6,000, na wanasahau kuwapa muda wa kusoma. Mtumiaji bandia asiyepumzika anatuma ombi, anapata jibu, na papo hapo anatuma jingine. Mmoja wa namna hiyo anaweza kufanya kazi ya binadamu hamsini. Seva inaanguka, ripoti inaandikwa kwamba seva haifai, na chuo kinanunua kubwa zaidi. Fedha zimetumika kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Kosa la upande wa pili ni kutokupima kabisa, au kupima na kupuuza matokeo. Tarehe 1 Oktoba 2013 Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya. Kabla ya siku hiyo, jaribio la watumiaji bandia mia chache tu lilikuwa limeshaiangusha. Ilifunguliwa hivyo hivyo, na siku ya kwanza walioweza kukamilisha kujiandikisha walikuwa watu sita. Mwaka huo huo, katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi, mfumo wa kupeleka matokeo kwa njia ya kielektroniki ulikwama, na maafisa wakalazimika kubeba fomu kwa mkono hadi kituo cha taifa cha kujumlisha kura, Bomas of Kenya. Nchi hizo zote mbili zilikuwa na fedha, wataalamu na muda mwingi kuliko chuo chochote cha Kivu.

Wakati mwingine hesabu yenyewe inatosha, bila kuwasha kompyuta. Vituo vya kura vya Kongo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, yaani dakika 660. Mpiga kura akitumia dakika tatu mbele ya mashine ya kupigia kura, mashine moja inahudumia watu 220 kwa siku. Akitumia dakika mbili, watu 330. Kituo kilichochelewa kufunguliwa kwa saa nne kimeshapoteza zaidi ya theluthi ya uwezo wake, hata kama mashine ni nzima na betri imejaa. Tarehe 20 Desemba 2023 vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, vingine havikufunguliwa kabisa, na CENI ikaongeza muda hadi siku iliyofuata. Kugawa dakika kwa watu ni upimaji wa mzigo pia, na unahitaji kalamu tu.

Mashine moja inaposhindwa

Kuna nyakati mashine moja haitoshi kweli. Ya kwanza ni memori. JMeter, programu ya Apache iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo bado inatumika sana, huanza ikiwa imetengewa gigabaiti moja tu. Watumiaji bandia wakiongezeka na majibu yakihifadhiwa ili yaangaliwe kwenye skrini, inajaa. Dawa ya kwanza ni kuiendesha bila skrini na kuiongezea memori, kabla ya kutafuta kompyuta ya pili.

Ya pili ni ukomo wa mfumo endeshi. Kwenye Linux, programu moja kwa kawaida inaruhusiwa kufungua faili na miunganisho 1,024 tu hadi ukomo huo uinuliwe. Tena kila muunganisho unaotoka unahitaji poti yake, na poti zinazotengwa kwa kazi hiyo ni kuanzia 32768 hadi 60999, jumla 28,232. Muunganisho ukifungwa, poti yake hukaa kando kwa sekunde 60 kabla ya kutumika tena. Gawa 28,232 kwa 60, unapata 470: hiyo ndiyo idadi ya miunganisho mipya kwa sekunde ambayo mashine moja yenye anwani moja inaweza kuendelea kufungua kuelekea seva moja kwa mpangilio wa kawaida. Ukitaka zaidi, ama unaacha miunganisho wazi ili itumike tena, kama vivinjari vinavyofanya, ama unaleta mashine nyingine.

Ya tatu ni anwani. Seva nyingi zina ulinzi unaohesabu maombi kwa kila anwani ya mtandao na kufunga mlango yakizidi. Watumiaji bandia 1,000 kutoka kompyuta moja wanaonekana kama shambulio. Lakini tusikimbilie kuzima ulinzi huo. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache za pamoja, na wanafunzi mia wa Butembo wenye laini za kampuni moja wanaweza kuifikia seva wakionekana mtu mmoja. Ulinzi uliokufungia wewe kwenye jaribio unaweza kuwafungia wao siku ya matokeo. Hili ni jambo la kugundua, wala si kero ya kuondoa ili jaribio liendelee.

Kuziunganisha

Ikishathibitika kwamba mashine moja haitoshi, kazi yenyewe haina uchawi. Mashine moja inakuwa kiongozi: inashika mpango wa jaribio, inatoa amri ya kuanza na kukusanya matokeo. Zilizobaki ni mashine za kazi, ndizo zinazotuma maombi. Kiongozi hatakiwi kutuma mzigo, maana ana kazi ya kutosha ya kupokea takwimu.

Kwa JMeter, kila mashine ya kazi inawashwa kwa amri ya jmeter-server, na kiongozi anaanzisha jaribio hivi:

jmeter -n -t matokeo.jmx -R 192.168.1.11,192.168.1.12,192.168.1.13 -l majibu.jtl

Mstari huo mmoja una mitego minne. Mtego wa kwanza ni matoleo: JMeter na Java ziwe za toleo moja kwenye mashine zote, la sivyo yanatokea makosa yasiyoeleweka. Katika maabara ambamo kila kompyuta iliwekwa programu na mtu tofauti kwa mwaka tofauti, hapa ndipo asubuhi nzima inapopotelea. Wa pili ni mawasiliano: mashine zinaongea kupitia poti 1099 na nyingine zinazochaguliwa ovyo, ambazo faiawoli inaweza kuzizuia, na tangu toleo la 4.0 zinadai faili la funguo za usiri ambalo lazima litengenezwe na kunakiliwa kila mahali. Katika maabara iliyofungiwa kwenye swichi yake, isiyofikika kutoka nje, sharti hilo linaweza kuzimwa kwa mpangilio mmoja. Penye mtandao wa wazi lisizimwe.

Mtego wa tatu ni hesabu. JMeter haigawi mzigo, inaukariri. Mpango ukisema watumiaji 200 na mashine za kazi ni tatu, seva inapigwa na 600. Locust, programu nyingine ya upimaji iliyoandikwa kwa Python, inafanya kinyume: unataja jumla, na kiongozi anaigawa kati ya mashine za kazi zilizojiunga naye kupitia poti 5557. k6, programu ya tatu ya aina hiyo, inakuruhusu kuikatia kila mashine fungu lake la jaribio. Aliyezoea moja akihamia nyingine bila kusoma anaweza kuripoti mzigo mara tatu ya ule alioutuma, au theluthi yake.

Wa nne ndio hatari zaidi kwa sababu hautoi ujumbe wa kosa. Mpango wa jaribio unasafiri kutoka kwa kiongozi hadi mashine za kazi, lakini faili la majina na nywila za wanafunzi wa majaribio halisafiri. Ni lazima uliweke mwenyewe kwenye kila mashine. Ukilinakili lile lile kote, mwanafunzi nambari moja anaingia kutoka mashine tatu kwa pamoja, wa pili vivyo hivyo, hadi mwisho. Hifadhidata inasoma matokeo yake mara ya kwanza kutoka diski. Mara ya pili na ya tatu inayatoa kwenye memori. Seva inaonekana ya kasi ajabu. Faili likatwe vipande, kila mashine na wanafunzi wake.

Laini ndiyo mizani

Sasa turudi kwenye chuo chetu cha kubuni. Tuseme seva yake iko ofisini pale pale Butembo, na laini inayotoka kwenda nje inabeba megabiti 4 kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa tovuti, pamoja na nembo na picha ya jengo la utawala, una kilobaiti 400, sawa na megabiti 3.2. Gawanya: laini inaweza kutoa ukurasa mmoja na robo kwa sekunde. Tulishaona kwamba siku ya matokeo zinahitajika 6.7.

Sasa weka kompyuta kumi kwenye maabara ya chuo, kwenye swichi moja na seva. Jaribio litapita vizuri kabisa, kwa sababu maombi hayatoki nje ya jengo. Kisha peleka kompyuta hizo kumi Beni, kama kilomita 54 kaskazini, uziunganishe zote kwenye modemu moja ya simu. Jaribio litafeli, na bado hutajua kama kilichojaa ni laini ya chuo au modemu uliyobeba. Malori kumi yaliyopanga foleni kwenye kizuizi kimoja cha barabara ya taifa nambari 2 hayafikishi mzigo haraka kuliko lori moja.

Kwa hiyo kugawa mashine kuna sababu mbili tofauti zisizopaswa kuchanganywa. Sababu moja ni kuongeza nguvu ya kutuma; kwa hiyo, mashine zikae karibu na seva iwezekanavyo, kwenye swichi yake, ili laini isiingilie kipimo. Sababu nyingine ni kuona kile anachokiona mtumiaji. Kwa hiyo, mashine zitawanyike kwenye miji na kampuni za simu tofauti, na kila moja itume mzigo mdogo tu, pengine watumiaji watano au kumi. Kompyuta moja Beni kwenye Airtel, nyingine Butembo kwenye Vodacom, ya tatu Kasindi mpakani kwenye Orange zinakueleza mambo ambayo kompyuta hamsini za chumba kimoja haziwezi kukueleza.

Njia bora ni kufanya yote mawili kwa wakati mmoja: mashine za karibu zinabeba uzito, zile za mbali zinaonja. Za mbali zikilalamika wakati za karibu zimetulia, tatizo ni laini. Zote zikilalamika pamoja, tatizo ni seva. Ramani hiyo ya lawama ndiyo faida kubwa ya kugawa mashine, na haihitaji kompyuta nyingi.

Angalia pia jinsi tiba inavyobadilika. Kama ukurasa wa kilobaiti 400 ungepunguzwa hadi 40, kwa kuondoa picha na kubana maandishi, laini ile ile ya megabiti 4 ingetoa kurasa 12.5 kwa sekunde, karibu mara mbili ya mahitaji. Hakuna seva iliyonunuliwa. Wengine watasema tuhamishie kila kitu kwenye seva za kukodi. Amazon ilifungua kituo chake Cape Town mwaka 2020, na Microsoft yake Afrika Kusini mwaka 2019. Kwa matokeo ya mtihani ni wazo zuri, kwani laini ya chuo inaacha kuwa mlango wa kila mtu. Lakini kwa hospitali ambayo wauguzi wake wanatumia mfumo wakiwa jengo lile lile na seva, kuhamia mbali ni kuongeza kizuizi ambapo hakikuwepo. Kipimo kwanza, hama baadaye.

Saa na umeme

Kivu Kaskazini inafuata saa ya mashariki ya Kongo, saa mbili mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Ukivuka Kasindi kuingia Uganda, umetangulia saa moja. Mashine ya kazi ya Beni, seva ya kukodi iliyopangwa kwa UTC na kompyuta ya mwenzako wa Kampala zinaandika tukio moja kwa saa tatu tofauti. Unapounganisha kumbukumbu zake, seva inaonekana imejibu kabla haijaulizwa. Mashine zote ziandike kwa UTC na zisawazishwe saa zake kupitia mtandao kabla ya kuanza. Tofauti ya sekunde mbili tu inatosha kuharibu mchoro wote wa matokeo.

Kuunganisha matokeo kuna kosa jingine la kawaida. Tuseme mashine ya Butembo inaripoti kwamba asilimia 95 ya majibu yalifika ndani ya sekunde 1, na ya Beni inasema sekunde 9. Huwezi kujumlisha, ukagawa kwa mbili, ukasema sekunde 5. Hakuna mtumiaji yeyote aliyepata sekunde 5. Namba za namna hiyo hazina wastani. Unarudi kwenye majibu yote moja moja na kuyapanga upya, au, bora zaidi, unaripoti kila mji peke yake.

Umeme nao una namna yake ya kudanganya. Kompyuta mpakato ikihamia kwenye betri, mara nyingi inapunguza kasi ya prosesa ili kuhifadhi chaji. Mashine ya kupimia imekuwa nzito, lakini ripoti inaandika kwamba seva imechelewa. Baya zaidi ni mashine ya kazi kuzima kabisa katikati ya jaribio. Ikiwa zilikuwa nne, robo ya mzigo imetoweka. Seva inapumua, muda wa kujibu unashuka, na mchoro unaonyesha hali nzuri kuanzia dakika ya kumi na mbili. Asiyejua atasema mfumo umezoea mzigo. Matoleo mapya ya Locust yanaweza kuzigawia mashine zilizobaki watumiaji wa ile iliyozima. JMeter haifanyi hivyo. Kwa hiyo, kando ya mchoro wa muda wa kujibu, sharti uwepo daima mchoro wa maombi yaliyotumwa kwa sekunde kutoka kila mashine. Bila huo wa pili, wa kwanza hauna maana.

Umati unaorudi kwa mkupuo

Upimaji mwingi unaofundishwa vitabuni ni wa foleni ya adabu: mtumiaji bandia anatuma ombi, anasubiri jibu, kisha ndipo anatuma jingine. Seva ikichelewa, naye anachelewa. Mzigo unapungua wenyewe pale pale seva inapozidiwa, na kipindi kibaya zaidi kinarekodiwa kwa maombi machache kuliko yote. Mwaka 2006 Bianca Schroeder, Adam Wierman na Mor Harchol-Balter walionyesha kwamba mfumo ule ule ukipimwa kwa foleni ya adabu na kwa umati unaofika bila kujali waliotangulia, unatoa majibu yanayotofautiana sana. Mwanafunzi anayesubiri matokeo hana adabu hiyo. Ukurasa ukigoma, anabofya tena, anafungua dirisha jingine, anamwomba dada yake ajaribu kwa simu yake. Seva ikizidiwa ndipo maombi yanapoongezeka.

Butembo na Beni zina sura ya tatu, ile tuliyoanza nayo: ukimya, kisha kila kitu kwa pamoja. Si lazima intaneti ikatwe na serikali. Inatosha umeme ukatike mtaani, au mnara wa simu uzime kwa kukosa mafuta. Wakati wa Ebola, orodha za watu waliokutana na wagonjwa na waliopaswa kufuatiliwa kila siku zilipita 10,000 kwa kipindi kirefu. Fikiria ufuatiliaji wa ukubwa huo ukijazwa kwenye vishikwambi, na eneo moja la afya likae siku tatu bila mtandao.

Jaribio la hali hii halihitaji mashine nyingi. Linahitaji mpango tofauti. Unaandaa fomu za siku tatu kwenye mashine chache, unachomoa waya wa mtandao, unasubiri, unaurudisha. Unaangalia mambo matatu: je, seva inapokea zote, je, fomu iliyokatika katikati inatumwa upya bila kuandikwa mara mbili, na je, kifaa kilichokataliwa kinajaribu tena baada ya muda gani. Hilo la mwisho ndilo linaloamua. Vifaa 300 vikipangwa kujaribu tena kila baada ya sekunde 10 kamili, vitakuja kwa mawimbi ya 300 kila sekunde 10 hadi seva ife. Kila kifaa kikirefusha kusubiri kila kinapokataliwa, na kuongeza sekunde za kubahatisha ili vifaa visiende sambamba, wimbi linatawanyika. Ni mabadiliko ya mistari michache kwenye programu, na hakuna seva kubwa inayoweza kuchukua nafasi yake.

Mlango wa nani?

Mashine nyingi zinazotuma maombi kwa seva moja hadi ichoke: hivyo ndivyo upimaji wa mzigo ulivyo, na hivyo ndivyo shambulio lilivyo. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliilemea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa maombi ya uongo, na huduma nyingi zikayumba. Kinachotofautisha mambo hayo mawili ni ruhusa. Kongo sasa ina Sheria ya Kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo imeweka makosa ya mtandao na adhabu zake. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 na Kenya ya mwaka 2018. Mwalimu anayewapa wanafunzi zoezi la kupima awaandalie seva ya maabara, asiwaachie watafute wenyewe ya kujaribia.

Ruhusa ya mwenye mfumo pia haitoshi mfumo unapomgusa mwingine. Duka au chuo kinachopokea malipo kwa M-Pesa, ambayo Vodacom iliileta Kongo mwaka 2012, au kwa Airtel Money, hakina haki ya kusukuma maombi elfu ya majaribio kwenye mitambo ya kampuni hizo. Sehemu hiyo inaigizwa: unajenga seva ndogo inayojibu kama wao, yenye ucheleweshaji wa sekunde kadhaa na kukataa malipo mara moja moja, kama inavyotokea kweli. Faida yake ni kwamba unaweza kuiamuru igome kabisa, uone mfumo wako unamwambia nini mteja aliyekatwa fedha na hajapata risiti. Jaribio hilo lina thamani kubwa kuliko la watumiaji 5,000.

Cha kuanza nacho

Haja ya mambo haya imeongezeka. Tangu Goma iliposhikwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa imehamia Beni, na usafiri na huduma zilizokuwa zinaitegemea Goma zimelazimika kutafuta njia nyingine. Ofisi, mashirika na biashara zilizohamia kaskazini zimekuja na mifumo yao, na mifumo hiyo inatumia laini zile zile na umeme ule ule. Mzigo umehama kabla ya miundombinu.

Maabara za vyuo ndizo mahali pazuri pa kuanzia, Butembo kwenye taasisi kama Université Catholique du Graben, Beni kwenye Université Chrétienne Bilingue du Congo, kwa sababu huko ndiko kwenye vijana wanaosomea kazi hii. Lakini mpangilio wa kazi ubadilishwe. Kwanza hesabu ya umati, kwa kalamu. Pili kipimo cha laini, kwa kompyuta moja katika kila mji. Tatu jaribio la kukata mtandao na kuurudisha. Nne, ikiwa bado kuna shaka kuhusu nguvu ya seva yenyewe, ndipo mashine ziunganishwe, zikiwa karibu na seva, kila moja na faili lake, saa zake zimesawazishwa na umeme wake una akiba.

Mkuu wa taasisi anayeletewa ripoti ya jaribio hahitaji kujua JMeter ni nini. Aulize maswali manne: mmeigiza watu wangapi na kwa nini idadi hiyo, mashine zilikuwa wapi na zilipita laini ipi, ni kitu gani kilichoka kwanza, na laini ikikatika siku tatu kisha irudi, inakuwaje? Ripoti isiyojibu la tatu na la nne irudishwe, hata kama iliandikwa kwa mashine ishirini.